Mahakama ya Mawaziri katika Ufaransa

Waziri akishtakiwa kwa kosa alilolitenda katika kazi yake, nani amhukumu? Akipelekwa mbele ya mahakimu wa kawaida, maadui wa serikali waweza kuisumbua kila siku kwa mashtaka. Akihukumiwa na wabunge, watu watasema kwamba ameponywa na wenziwe. Wafaransa walitafuta njia ya katikati, wakaibadili katiba yao Julai 1993 na kuunda Mahakama ya Haki ya Jamhuri.

Chanzo chake kilikuwa msiba. Katika miaka ya 1984 na 1985 wagonjwa wa hemofilia, yaani watu ambao damu yao haigandi upesi, walipewa dawa zilizotengenezwa kwa damu yenye virusi vya ukimwi, na wengi wakafa. Georgina Dufoix, aliyekuwa waziri wa mambo ya jamii wakati ule, alisema mwaka 1991 kwamba ajiona ana dhamana ya jambo hilo, lakini hajioni kuwa na hatia. Maneno hayo yaliwaudhi wengi, wakayaona kuwa hila ya ulimi. Hata hivyo tofauti ni ya kweli, na Kiswahili chaijua: mwenye dhamana huwajibika kwa kujiuzulu, mwenye hatia huadhibiwa.

Sasa na tuitazame mahakama yenyewe. Waamuzi ni 15: wabunge 6, maseneta 6, na mahakimu 3 wa mahakama ya juu, ambao mmoja wao ndiye mwenyekiti. Aliyedhuriwa aweza kupeleka malalamiko, nayo huchujwa na tume. Lakini hana nafasi ya kudai fidia humo.

Machi 1999 Dufoix na Laurent Fabius, aliyekuwa waziri mkuu, waliachiliwa. Edmond Hervé, aliyesimamia afya, alionekana na hatia, asipewe adhabu. Ikawa vivyo hivyo mwaka 2016 kwa Christine Lagarde, aliyeshtakiwa kwa uzembe katika malipo ya euro zaidi ya milioni 400. Hatia isiyo na adhabu ni nini, kama si dhamana iliyovishwa joho la hakimu? Kwangu mimi, wanasiasa 12 kati ya waamuzi 15 ndio sababu.

Tena wasaidizi wa waziri hawahukumiwi humo, hata jambo likiwa moja. Katika shauri la mauzo ya silaha, mahakama ya Paris iliwahukumu wasaidizi kifungo Juni 2020, wakakata rufani. Machi 2021 mahakama ya mawaziri ilimpa François Léotard, aliyekuwa waziri wa ulinzi, kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa pamoja na faini; Édouard Balladur, aliyekuwa waziri mkuu, akaachiliwa.