Tuketi na Binti Zetu Watazamapo Tamthilia za Kikorea

Kikao chetu cha akina mama hapa Mgololo kilikuwa kimefikia mwisho, na michango ya harusi ilikuwa imekwisha kuhesabiwa, mama mmoja aliposimama akasema ana jambo linalomsumbua.

"Binti yangu yuko kidato cha pili," alisema. "Nikimwita haitiki. Akiitika ananiita *omma*. Usiku analia peke yake mbele ya simu, nikimwuliza amekufa nani ananiambia, 'Hakuna, mama, ni Wakorea tu.'"

Tulicheka sana. Lakini kicheko kilipotulia, tuligundua kwamba karibu kila mmoja wetu ana Wakorea wake nyumbani. Mmoja alisema simu zote zikusanywe. Mwingine akasema vijana wasemwe kanisani, mbele ya watu wote. Ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, akatuuliza, "Mnataka kupiga marufuku kitu ambacho hamjakiona?"

Hatukuwa na jibu. Basi tulikubaliana kwamba likizo ya Juni, kila Jumamosi mchana, tutaketi na binti zetu katika chumba cha mikutano tutazame pamoja. Sisi tulio wauguzi tulipewa kazi ya kuongoza mazungumzo. Haya tunayoandika ndiyo tuliyoyaona, na yale ya binti mmoja tunayaeleza kwa ruhusa yake na ya mama yake.

Zimefikaje huku kwetu?

Televisheni ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994. Wakati huo wengi wetu tulikuwa bado wanafunzi, na tulisikia habari zake muda mrefu kabla ya kuiona. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ikimhusu Doudou na mama wakwe zake, na watu wengi waliipenda. Wakati huohuo tamthilia za Kikorea zilikuwa zikienea kwa njia nyingine, yaani kwenye santuri za video, nyingine zikiwa na sauti ya mtafsiri anayesimulia juu ya picha. Wanaume na wavulana walianza na hadithi za vita vya kale kama *Jumong*. Wasichana wakafuata hadithi za shule.

Leo santuri zimepungua. Kijana anakwenda dukani na flashi yake au simu yake, analipa fedha kidogo, anarushiwa tamthilia nzima.

Mji wetu ulikua kwa ajili ya kiwanda cha karatasi miaka ya 1980, na kazi ya kiwanda ni ya zamu. Wazazi wengine wako kwenye chai, wengine kwenye mbao, wanatoka alfajiri na kurudi wamechoka. Tena wapo wanafunzi ambao shule iko mbali na kwao, hivyo wanapangishiwa vyumba karibu na shule, vile wanavyoviita mageto. Mtoto wa miaka 15 anajipikia mwenyewe, anajifungia mlango mwenyewe, na jioni hana mtu wa kuzungumza naye. Mwenzake anakuwa yule aliye ndani ya simu.

Binti wa dobi

Wasichana walituchagulia *Boys Over Flowers*, iliyoonyeshwa Korea Kusini mwaka 2009 katika sehemu 25. Jan-di ni binti wa dobi. Siku moja anapeleka nguo zilizofuliwa katika shule ya matajiri, anamkuta mwanafunzi amesimama ukingoni mwa paa akitaka kujirusha kwa sababu ya kuonewa na wenzake. Anamwokoa, na kwa ajili hiyo anapewa nafasi ya kusoma shuleni hapo.

Wanaoitawala shule hiyo ni vijana wanne wa kiume, watoto wa wenye mali. Kiongozi wao, Jun-pyo, akimchukia mtu humpelekea kadi nyekundu, na shule nzima humgeuka mtu huyo. Baada ya masomo Jan-di hufanya kibarua katika duka la uji pamoja na rafiki yake Ga-eul. Hapo akina mama walifurahi. "Kumbe na Wakorea wanakunywa uji!" Tangu dakika hiyo hakuna aliyesinzia.

Ikafika mahali ambapo Jun-pyo anaagiza watu wamkamate Jan-di. Wanamtia garini kwa nguvu, wanampeleka kwenye jumba la kifahari, wanamvika nguo za bei kubwa na kumpamba. Wasichana walipiga makofi. Sisi tulinyamaza. Katika kazi yetu tumewahi kuwapokea wasichana waliotiwa garini, na hakuna aliyekuja akiwa amepambwa.

Tulisimamisha picha tukauliza, "Wanangu, mngefanyiwa ninyi mngeitaje?" Wakasema ni mapenzi. Tukauliza tena, "Huyu kijana angekuwa maskini je?" Kimya kidogo, kisha mmoja akajibu, "Angekuwa maskini tungepiga kelele." Wote wakacheka, lakini walikuwa wameelewa.

Jan-di mwenyewe alizikataa zawadi zile, na hilo tulilisifu. Lakini tamthilia inaendelea, na yule aliyemwonea ndiye anayekuja kuwa mchumba wake. Msichana anayetazama peke yake saa saba za usiku anaweza kujifunza kwamba mwanamume anayekushika mkono kwa nguvu anakupenda, na kwamba ukivumilia atabadilika. Hilo tuliliona kuwa hatari kuliko mabusu yote tuliyoyaogopa.

Swali jikoni

Siku hiyo binti mmoja hakupiga makofi wala kucheka. Watu walipotawanyika alibaki kutusaidia kuosha vikombe. Tulipobaki wenyewe aliuliza bila kuinua macho, "Mama nesi, mtu akikununulia vitu, halafu ukamkataa, ni lazima umrudishie?"

Hatukuharakisha kumjibu. Tuliendelea kuosha, naye akaeleza taratibu. Anaishi geto. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akimpeleka shule asubuhi bila malipo, baadaye akamnunulia simu, ileile aliyokuwa akitazamia tamthilia. Sasa alikuwa akimwambia kwamba deni limekuwa kubwa na anajua jinsi ya kulilipa. Alikuwa bado hajamdhuru, lakini alikuwa ameanza kumtisha.

"Kwa nini hukumwambia mama?" tulimwuliza.

"Mama angenipiga kwa sababu ya simu."

Akina mama wenzetu, jibu hilo lilituchoma. Binti alimwogopa mama yake kuliko alivyomwogopa yule kijana. Tulimwuliza kama tunaweza kuzungumza na mama yake pamoja na shangazi yake, akakubali. Jioni hiyohiyo tulikwenda.

Chumvi ya mama Jan-di

Jumamosi mbili baadaye tulifika mahali ambapo mama yake Jun-pyo anakwenda nyumbani kwa dobi na fedha nyingi, ili Jan-di aachane na mwanawe. Familia ile ina dhiki. Lakini mama yake Jan-di anachukua chumvi na kummwagia yule tajiri kichwani. Wakorea wana desturi ya kurusha chumvi ili kufukuza mabaya. Akina mama waliinuka wakapiga vigelegele.

Walipoketi, wakawa kimya. Wengi wetu tunajua nyumba ambazo fedha zilipokelewa. Mwanafunzi anapewa mimba, wazee wanaketi, bahasha inatoka mkono mmoja kwenda mwingine, na shauri "linaisha". Kwa binti haliishi. Tangu mwaka 2016 sheria ya nchi yetu inasema anayempa mwanafunzi mimba anaweza kufungwa miaka 30. Na tangu Novemba 2021 binti aliyekatishwa masomo kwa mimba anaruhusiwa kurudi shuleni. Mzazi anayepokea bahasha anaiuza haki ya mwanawe.

Wiki ileile ndugu za yule kijana wa bodaboda walikwenda kwa mama wa binti yetu na bahasha, wakaomba yaishe. Mama hakumwaga chumvi. Chumvi ni ya kununua. Aliirudisha bahasha, akairudisha na simu mbele ya mashahidi, kisha akaenda kutoa taarifa kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi na kwa ofisa ustawi wa jamii. Binti alihamishwa kutoka geto, akapewa chumba kwa mama mmoja mjane aliye karibu na shule. Sasa yuko kidato cha tatu.

Anayekuja kukutafuta

Wavulana waliposikia habari za Jumamosi zetu wakaja na wao, na wao ndio waliotuletea *School 2013*. Humo wamo Nam-soon na Heung-soo, marafiki wa kufa na kuzikana. Heung-soo alitaka kuacha kundi lao la wagomvi ili acheze mpira. Nam-soon, kwa uchungu wa kuachwa, alimpiga hadi akamvunja mguu, na ndoto ya mpira ikafa. Wanapokutana tena darasa moja, hakuna anayejua aanzie wapi. Msamaha wao unakuja polepole sana, kwa chakula wanacholeta nyumbani na maneno machache. Yumo pia mwalimu wa kike anayekataa kumkatia tamaa mwanafunzi hata mmoja, pamoja na yule mkorofi anayetoka katika nyumba ya vipigo.

Tuliwauliza vijana kwa nini wanazipenda hadithi hizi hata walie. Tulidhani watataja nguo na sura nzuri. Msichana mmoja wa geto alisema, "Kule mtu akikosa shule siku moja, rafiki yake anakwenda kumtafuta. Mimi niliugua malaria siku tatu, hakuna aliyegonga mlango."

Wengine waliitikia kwa kichwa. Nasi tukajua kwamba hata tungezikusanya simu zote, njaa hiyo ingebaki palepale.

Yale wasiyoyaona

Hata hivyo tuliwaeleza kwamba tamthilia inaficha mengi. Mwanafunzi wa Korea anatoka shule na kwenda kwenye masomo ya ziada hadi usiku. Mtihani wa kuingia chuo kikuu hufanyika Novemba, mwezi uleule wa mtihani wetu wa kidato cha nne. Siku hiyo ofisi huchelewa kufunguliwa ili barabara ziwe wazi, na wakati wa kusikiliza maswali ya Kiingereza hata ndege haziruhusiwi kutua wala kuruka. Mzigo huo ni mzito. Korea Kusini, kujiua ndicho chanzo kikubwa cha vifo vya vijana. Yule mwanafunzi wa ukingoni mwa paa hakutoka hewani. Basi mtoto wako akisema amechoka kuishi, usimwambie anaigiza sinema. Keti naye, usimwache peke yake, na mfikishe kwenye kituo cha afya.

Tufanye nini?

Kutokana na tuliyojifunza, tunawashauri wazazi wenzetu mambo haya:

1. Tazama pamoja naye, hata sehemu moja tu kwa wiki. Uliza zaidi ya unavyohubiri. Swali kama "Wewe ungefanyaje?" hufungua mlango ambao kelele huufunga.

2. Angalia namba iliyo kwenye kona ya kioo. Wakorea huandika 7, 12, 15 au 19, yaani umri unaofaa kutazama. Yenye 19 si ya mwanafunzi.

3. Linda usingizi. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Sehemu moja huchukua kama saa nzima. Akianza saa tatu za usiku na kutazama nne, saa saba imefika na kesho darasani atasinzia. Simu ilale chumbani kwa wazazi.

4. Mjulishe mapema kwamba akipokea kitu kwa mtu na kuogopa, anaweza kukuambia bila kupigwa. Asipoweza kwako, awe na shangazi au mama mwingine anayemwamini. Ipo pia namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto.

5. Wenye watoto mageto, wafanyie zamu ya kuwatembelea. Sisi tumegawana vyumba, kila mama viwili. Tunagonga, tunasalimia, tunatazama kama kuna unga na kuni, tunaondoka. Ni robo saa tu.

Yule mama wa "Wakorea tu" hakukosa Jumamosi hata moja, na tunamshuku kwamba anatangulia kutazama usiku. Juzi tulipompitia nyumbani kwake, binti yake aliita kutoka jikoni, "Omma, uji tayari!"

"Nakuja, mwanangu," akaitika, akatukaribisha na sisi.