Mtoto Akisomea Uhandisi wa Kemikali, Kazi Iko Wapi?

Juzi mzee mmoja wa darasa letu la kisomo hapa Mwadui alituuliza swali. Kijana wake amefaulu kidato cha sita kwa fizikia, kemia na hesabu. Anataka kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uhandisi wa kemikali. Mzee yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Lakini anauliza: "Akimaliza, mgodi wetu huu utamchukua?"

Tulimjibu wazi: huenda usimchukue.

Mkemia hupima vitu kidogo kidogo ndani ya vichupa. Mhandisi wa kemikali hufanya jambo lile lile katika matangi makubwa, usiku na mchana, bila hasara na bila kuua mtu.

Sasa almasi haihitaji kemikali nyingi. Tangu Williamson alipoivumbua hapa mwaka 1940, kazi kubwa ni kuponda mwamba, kuosha na kuchekecha. Almasi ni nzito kuliko mawe mengi ya hapa, kwa hiyo huzama. Tena hushikamana na grisi, na ikimulikwa kwa eksirei hung'aa. Mtu wa kemikali hana nafasi nyingi hapo.

Dhahabu je? Hiyo ni habari nyingine. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000. Kule jiwe husagwa likawa laini kama sembe, likachanganywa na maji na sayanaidi. Sayanaidi ni sumu kali, lakini ndiyo inayoitoa dhahabu kwenye jiwe. Kisha hutiwa mkaa maalumu, mara nyingi wa vifuu vya nazi, na dhahabu huganda juu yake. Ndani ya matangi hayo lazima iwemo chokaa ya kutosha. Chokaa ikipungua, sayanaidi hugeuka kuwa hewa ya sumu. Wa kuilinda chokaa hiyo ndiye kijana wa mzee wetu. Hata wachimbaji wadogo wanaosafisha marudio kwa sayanaidi wanamhitaji. Anayepima kwa kukisia anacheza na roho za watu.

Ila ndugu zetu, dhahabu nayo huisha. Mgodi wa Buzwagi kule Kahama ulianza mwaka 2009, ukafungwa 2021. Kwa hiyo kijana asitazame shimo peke yake. Mwanza kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu, kilichofunguliwa 2021. Kuna sukari Kagera, kuna saruji, sabuni, bia, na mafuta ya mbegu za pamba yetu wenyewe. Kuna kusafisha maji ya kunywa. Na tope la migodi linataka mtu wa kupima maji yake. Tuliona Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope ulipobomoka hapa Mwadui na tope likafika kwenye mashamba na nyumba.

Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi iwape Watanzania kazi kwanza. Hata hivyo shahada ni miaka minne, na baada yake kuna mafunzo kazini na kujisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Waombaji ni wengi. Anaweza kukaa nyumbani kwanza.

Tulimshauri mzee asiuze ng'ombe kabla kijana hajaomba mkopo wa serikali. Akakubali. Ila mmoja, alisema, atauzwa tu, kwa ajili ya nauli na godoro.