Kupanga kwa Umri, Kupiga Marufuku

Msimu wa korosho, pesa za mnada zikishaingia mifukoni, vibanda umiza vya Newala na Masasi hujaa. Mabati kuzunguka, mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyoinuliwa ili wa nyuma naye aone, na nje ubao wa chaki: mechi saa ngapi, filamu ya nani. Filamu huenda ni ya Hong Kong au India, na juu ya maneno ya waigizaji inapanda sauti ya mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili, akichomeka utani na matusi ambayo mwenye filamu hakuyaweka. Kuhusu umri, ubao kwa kawaida umekaa kimya. Mtoto wa darasa la nne akitoa kiingilio anakaa benchi moja na mtu mzima. Hayo yanatokea Tanzania, nchi yenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1976 na yenye Bodi ya Filamu. Kwa hiyo udhibiti tunao, tena wa kutosha. Tatizo ni kwamba tumeuelekeza zaidi kwenye kuamua nini kisisemwe kabisa, huku kazi ya kuamua nani aone, akiwa na umri gani, ikibaki yatima.

Kazi hiyo iliyobaki yatima si ngeni kusini. Jando na unyago, kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ni mpango wa kutoa maarifa kwa umri. Habari za mwili, ndoa, uzazi na heshima kwa wakwe, anazofichwa mtoto, mwali anaambiwa bila kificho, tena kwa nyimbo ambazo redio isingethubutu kuzipiga. Asiyechezwa hakaribii, lakini hakuna anayefikiri kwamba kwa sababu mtoto hapaswi kusikia, basi kungwi naye anyamaze. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala na kamera ya sinema na fonografu. Alipiga picha za ngoma, akaandika kwa kirefu habari za unyago, na mambo yaliyokuwa na wenyewe, mahali pake na wakati wake yakasomwa Ulaya na yeyote mwenye pesa ya kitabu. Hapo ndipo utaratibu wa nani ajue na lini ulipoanza kupasuka, na aliyeupasua alikuja na kamera.

Wamisionari nao walizikuta mila hizohizo na wengi wao walitaka kuzifuta. Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1913 jando la Kikristo lilifanyika Masasi: aliyoyaona hayafai aliyaondoa, kiini cha mafunzo kikabaki. Kwa unyago wa wasichana kazi ilimshinda zaidi. Hata hivyo somo lake ni zito, kwa kuwa watu walikubali kuchujiwa, lakini hawakuwa tayari kunyang'anywa.

Wakoloni wenyewe walipanga watazamaji, ila kipimo chao hakikuwa umri. Nchini Kenya filamu iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika, yaani mzee mwenye wajukuu alihesabiwa hana akili ya kutazama anachotazama kijana wa Kizungu. Tulipopata uhuru tuliondoa ubaguzi wa rangi, lakini mazoea ya kumwona raia mzima kama wa kulindwa dhidi ya picha tulibaki nayo. Sheria yetu ya 1976 iliweka sharti la kibali kabla kamera haijawashwa, na mwombaji apeleke maelezo ya matukio pamoja na maneno yatakayosemwa. Huko si kumlinda mtoto, maana wakati huo hakuna hata picha moja ambayo mtoto angeiona.

Tofauti ya kupanga kwa umri na kupiga marufuku ilionekana wazi Nairobi mwaka 2018. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku na bodi ya Kenya, na mwezi uliofuata ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ilisimamisha katazo kwa siku saba na kuruhusu watu wazima wanaotaka waitazame. Kumbi zilijaa, siku saba zikaisha, watu wakarudi makwao. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo, kwa jaji mwingine, ilikubaliana na katazo. Unaweza kuichukia filamu ile kwa imani yako, na Watanzania wengi wangeichukia, lakini zile siku saba zilithibitisha kwamba mtu mzima asiyetaka kuona anaweza kubaki nyumbani bila kumfungia mlango anayetaka. Marekani nayo iliishi miongo kadhaa chini ya kanuni za makatazo kabla ya watengenezaji filamu kuhamia madaraja ya umri mwaka 1968. Hawakuhama kwa kuwa maadili yamekwisha. Orodha ya makatazo ilikuwa haitekelezeki tena.

Kuna pingamizi la kweli hapa, nalo linasema madaraja ya umri hayatiiwi. Kijana wa Masasi anajaziwa filamu kwenye flashi au kadi ya memori dukani, na flashi haiulizi cheti cha kuzaliwa. Ni sawa, lakini filamu iliyopigwa marufuku inapita kwenye flashi ileile, tena ikiwa na sifa ya ziada ya kukatazwa. Daraja la umri angalau linampa mzazi habari ya kuamulia, wakati katazo halimpi chochote. Pingamizi jingine linaushika unyago wenyewe: wasichana wa shule ya msingi huchezwa wakiwa wadogo mno, na wazazi na walimu wa Mtwara wamelilalamikia hilo kwa miaka. Nakubaliana nao kabisa, na ninaona malalamiko yao yanaiunga mkono hoja yangu. Wanacholaumu ni umri kukosewa. Ni wachache kati yao wanaodai kwamba wanawake wazima wasiambizane habari za ndoa.

Ugumu mkubwa uko kwenye siasa, kwa sababu huko umri hautajwi hata kwa kisingizio. Tarehe 2 Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, baada ya gazeti lake la The Citizen kuweka mtandaoni katuni ya video. Ilimwonyesha mwanamke anayefanana na Rais akibadilisha chaneli za televisheni, na kila chaneli ina mtu anayelilia ndugu aliyepotea au kuuawa. Mamlaka ilisema video hiyo ingeathiri umoja wa kitaifa. Hakuna aliyesema wenye miaka 18 waitazame. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na ibara ya 30 inaruhusu sheria za kulinda usalama na maadili ya jamii. Mipaka hiyo ni halali kwa picha za unyanyasaji wa watoto, au kwa anayechochea watu wauane. Kilio cha mama aliyepotelewa na mwanawe hakimo, na kukiingiza humo ni kuichukua silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto na kumwelekezea raia mzima.

Nguvu hizo za udhibiti zingehamishiwa kwenye vibanda, kazi ingekuwepo tele. Umri uandikwe ubaoni kwa chaki ileile inayoandika saa ya mechi, na mwenye kibanda awajibike kwa anayemuuzia kiingilio. Tafsiri nazo zikaguliwe kama kazi zinazojitegemea, maana filamu inayomfaa mtoto kwa picha zake inaweza kuharibiwa na sauti iliyowekwa juu yake, na kwa mtoto wa Newala sauti hiyo ndiyo filamu yenyewe.