Woga wa Kushuka Shimoni

Ndugu mfanyakazi, ukifika mbele ya kizimba cha kushukia shimoni moyo unapiga mbio na magoti yanalegea? Si uchawi. Usifiche, wala usitafute dawa katika pombe. Woga huu hutibiwa kwa mazoezi. Mwaka 1924 Bibi Mary Cover Jones wa Marekani alieleza namna mtoto Peter alivyoacha kuogopa sungura: mnyama alisogezwa kidogo kidogo, mtoto akila chakula alichokipenda.

Nawe, mwone munganga. Kwa ruhusa ya shefu, utasimama kwanza karibu na kizimba. Siku nyingine utaingia bila kushuka. Halafu utashuka nivo ya kwanza pamoja na mwenzako. Ukikimbia katikati woga unazidi. Ngoja moyo utulie. Mama, usimcheke bwana yako.

Lakini kuogopa jiwe lililolegea juu ya kichwa si ugonjwa: toka hapo, mwite shefu.