Kilebu asiyechanjwa: Mapenzi pekee hayatoshi

Katika likizo ya Agosti mwaka jana, tulipokuwa nyumbani kwetu Makueni, binti yangu wa miaka kumi na mmoja alirejea kutoka kwa jirani akiwa amekumbatia kilebu mweusi wa wiki saba. Nyuma yake alifuata nduguye mdogo, ambaye tayari alikuwa amelambwa mikono na uso.

"Mama, tumepewa," akasema binti. "Tunaomba twende naye Nairobi."

Swali langu la kwanza halikuwapendeza: je, amechanjwa? Jirani yetu, mzee ninayemheshimu sana, alicheka nilipomuuliza. "Mwanangu, huyu ni mtoto. Kichaa atakitoa wapi?"

Jibu hilo lilinishughulisha, pengine kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza maneno na yale ambayo maneno huyatenda katika fikira za watu. Maradhi haya sisi huyaita kichaa cha mbwa. Kwa Kiarabu huitwa kwa neno la mzizi ule ule uliozaa jina la mbwa. Jina la Kilatini wanalolitumia matabibu, rabies, limetokana na kitenzi chenye maana ya kughadhibika. Lugha hizi zote zimetuchorea picha moja: jibwa lenye macho mekundu, udenda ukilitiririka, likimkimbiza kila apitaye. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Maradhi yenyewe hayangoji umri wala ghadhabu. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, vikapenya mwilini kwa njia ya jeraha, mkwaruzo au utando laini wa macho na mdomo. Mamalia wote huweza kuambukizwa: paka, ng'ombe, mbuzi, punda, na hata kilebu anyonyaye. Aidha, maradhi haya yana sura mbili. Ipo ile ya ukali, na ipo ya kupooza, ambapo mnyama hunyamaza, taya humlegea na kumeza kukamshinda. Mwenye huruma humdhania amekwamwa na mfupa, akamtia mkono kinywani. Fauka ya hayo, tangu kuambukizwa hadi dalili zionekane huweza kupita majuma au miezi. Kilebu achezaye leo hajathibitisha kwamba ni mzima.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kusita, nayo si ya kitaaluma. Mwaka 1991, nikiwa darasa la nne, mwanafunzi mwenzetu aliumwa kidoleni na kitoto cha mbwa aliyekuwa akimlisha. Jeraha lilikuwa dogo, naye hakuwaambia wazazi wake kwa kuchelea kwamba mnyama wake angeuawa. Kidole kilipona. Baada ya majuma kadhaa akaanza kuyahofu hata maji ya kunywa. Hatukumwona tena. Asubuhi moja mwalimu wetu aliliita jina lake katika daftari la mahudhurio kwa mazoea, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kutokana na maradhi haya, na takriban asilimia 40 ya waathiriwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapa Kenya yalithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi ila kwa nadra mno. Hata hivyo, tangu Louis Pasteur alipomchanja mvulana Joseph Meister mwaka 1885, binadamu anajua namna ya kuyazuia. Mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030.

Je, nimkatae kilebu? Daktari wa mifugo wa eneo letu alinionyesha kasoro ya wazo hilo. Kumkataa tu kungeiacha hatari kwa wajukuu wa jirani. Kumchukua vivyo hivyo kungeileta kwa wanangu. Chanjo dhidi ya kichaa, alieleza, kwa kawaida hutolewa kilebu afikishapo miezi mitatu, ingawa katika kampeni za umma hata walio wadogo zaidi huchanjwa. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Tena si moja pekee, kwa maana parvo na distempa nazo huua vilebu wengi. Ili maambukizi yakatike katika eneo lolote, yapasa angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa.

Kwa hiyo tuliamua kumwacha kwa mamaye, nasi tukagharimia chanjo ya mama siku ile ile, na ya vilebu wote wanne umri wao ulipotimia. Binti yangu alilia hadi tukafika Nairobi. Moyo uliniuma, lakini wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Walimu wenzangu, tuna wajibu hapa. Tumewafundisha watoto kwamba mtoto wa mbwa huitwa kilebu, na mtihani wameupita. Tuwafundishe pia kwamba aumwaye au akwaruzwaye na mbwa, awe mkubwa au mdogo, anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo akachanjwe. Zaidi ya yote, tuwahakikishie kwamba atakayesema hataadhibiwa. Mwenzetu wa mwaka 1991 hakuuawa na meno ya kilebu pekee. Kimya chake kilisaidia.

Desemba tulirudi Makueni tukamchukua. Sasa analala barazani, na kila jioni wanangu hunawa mikono baada ya kucheza naye bila kukumbushwa. Kadi yake ya chanjo nimeihifadhi katika bahasha moja na kadi zao za kliniki.