Saratani ya Koo: Mzigo wa Leo na wa Miaka Ijayo

Nyuma ya ulimi koo hugawanyika njia mbili. Zoloto, penye nyuzi za sauti, hupitisha hewa kwenda mapafuni. Umio hushusha chakula tumboni. Saratani hushika zote mbili. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), mwaka 2022 watu wapatao 189,000 duniani waligundulika na saratani ya zoloto, na 103,000 wakafa kwa ugonjwa huo. Saratani ya umio iliwapata 511,000 na kuua 445,000. Tofauti hiyo ya vifo ina sababu: zoloto likiugua, sauti hukwaruza mapema na watu husikia. Umio hunyamaza hadi uwe umeziba kwa kiasi kikubwa.

Afrika Mashariki imo katika ukanda wa saratani ya umio unaotoka Ethiopia hadi Afrika Kusini. Ajabu ya ukanda huu ni umri, kwani wamo wagonjwa wasiofika hata miaka 40. Tumbaku na pombe, hasa vikienda pamoja, ni visababishi vinavyojulikana, na Kanoni, mkoani Kagera, Tanzania, kama kwingineko katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, lubisi (pombe ya ndizi) na gongo si vitu vya kutafutwa mbali. Lakini wamo pia wasiovuta wala kunywa, kwa hiyo watafiti wamegeukia moshi wa kuni, afya ya meno na joto la chai. Mwaka 2016 IARC ilitamka kuwa kinywaji kinachozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda kinasababisha saratani hii. Vipimo vilivyofanywa Kilimanjaro vilikuta wengi wakianza kunywa chai ikiwa juu ya kiwango hicho.

Mgonjwa kwa kawaida huanza kukwamwa na ndizi au nyama, akahamia uji, kisha uji nao ukagoma. Katikati ya safari hiyo wengi hutibiwa vidonda vya tumbo. Wanaofika hospitali za Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, mara nyingi wamechelewa kufanyiwa upasuaji. Hubaki mionzi, dawa, au kuwekewa mrija wa kupitishia chakula.

Baadhi ya nchi, China ikiwemo, zimeona kiwango cha saratani ya umio kikishuka. Idadi ya wagonjwa ni jambo jingine, kwa sababu watu wanaongezeka na kuzeeka. IARC inakadiria saratani zote zitapanda kutoka wagonjwa wapya milioni 20 mwaka 2022 hadi milioni 35 mwaka 2050, na ongezeko kubwa zaidi kwa asilimia litakuwa katika nchi maskini. Koo lina saratani nyingine pia: Marekani, saratani ya koromeo, yaani sehemu ya koo iliyo nyuma ya kinywa, itokanayo na virusi vya HPV imeongezeka. Chanjo ya virusi hivyo hutolewa kwa wasichana Tanzania tangu 2018.

Anayekwamwa na chakula kigumu mara kwa mara, au aliyekaukiwa sauti zaidi ya wiki tatu, aende hospitali akaombe kupimwa koo kwa kamera. Dawa ya kiungulia haitamwonesha kilichomo.