Kujishonea sutyeni na slipi yake: mukanda njo unabeba

Ninajua wengine watasema: huyu iko na lisansi ya agronomi, anaacha mupunga na mihogo, anakuja kutuandikia juu ya sutyeni! Museme tu. Ku fakulte tulijifunza kupima, kuchora plani, na kuangalia uzito unakaa wapi. Sutyeni inaomba mambo hayo hayo. Tena mwanamuke wa Kasongo ao wa Kabambare anayeshika jembe toka asubuhi, anayebeba kitunga kichwani, kiisha anapanda moto kwenye njia yenye mashimo, hana haja ya kuelezwa kwamba kifua kisichoshikwa vizuri kinaumiza mabega na mugongo. Maumivu hayo tumeyazoea, tunasema ni mambo ya wanawake. Mimi sikubali. Mengi yanatoka kwa sutyeni isiyo ya kipimo chetu.

Ku soko tunakuta aina mbili. Kuna mupya, yenye sponji nene, inayokuja kwa vipimo vichache: mwenye mugongo mwembamba na maziwa makubwa hapati yake hata siku moja. Na kuna ya baloti, iliyokwisha kuvaliwa na mwingine Ulaya. Muuzaji anakwambia: "Itakutosha mama, vuta tu kamba." Hapo njo tunapotea. Kamba za mabega hazikuwekwa kwa kubeba. Kazi yake ni kuzuia kikombe kisianguke mbele. Uzito mukubwa unabebwa na mukanda wa chini, ule unaozunguka mbavu. Jaribu sasa hivi: vaa sutyeni yako, shusha kamba zote mbili. Kama kila kitu kinaanguka mara moja, mukanda wako haufanye kazi. Kama nyuma unapanda kuelekea mabega, ni mupana kupita wewe.

Kupima ni mambo ya dakika tano, na unaweza kujipima peke yako nyumbani. Hilo si dogo, juu mafundi wengi wenye mashine ku baraza ni wanaume, na binti wa miaka 16 hatakubali fundi amuzungushe metri kifuani. Kama hauna metri, chukua kamba isiyovutika, tia alama, kiisha uipime kwa rula ya mutoto wa shule. Pima mara mbili: chini ya maziwa, ukikaza, halafu pale maziwa yamejaa, bila kukaza. Tuseme umepata 76 na 93. Mukanda wako ni 75. Tofauti ni 17, na tofauti njo inatoa herufi: 12 mpaka 14 ni A, 14 mpaka 16 ni B, 16 mpaka 18 ni C, 18 mpaka 20 ni D. Wewe ni 75C.

Sasa angalia mutego wa baloti. Wafaransa na Wabeleji wanaongeza 15 juu ya namba ya mukanda. 75C ya Mujerumani, kwa Mubeleji inaandikwa 90C, na ni kipimo kile kile. Baloti inachanganya yote. Mwenye kuzoea "mimi ni 90" akiokota 90 ya Ujerumani, amebeba mukanda unaomuzidi kwa sentimetri 15! Ile yenye 34 ni ya Waingereza, wao wanahesabu kwa inchi. Inalingana na 75. Jambo lingine la kujua: kikombe cha 75C kinachukua sawasawa na cha 80B ao cha 70D. Kwa hiyo ukitafuta chuma cha chini cha kurudilia, unaweza kukitoa katika yoyote ya hizo tatu.

Tanzania, kupitia shirika lao la viwango TBS, walikataza nguo za ndani za mitumba juu ya usafi. Zimbabwe walifanya vile mwisho wa 2011. Huku kwetu siombi wakataze leo, maana wamama wengi wangebaki bila kitu. Lakini mimi, kwa sutyeni ya baloti, ninanunua vyuma tu: agrafu za mugongoni, pete za kamba, na waya za chini. Vinachemshwa, vinarudi safi. Kitambaa kilichokunywa jasho la mutu mwingine kinaenda kwa takataka. Elastiki yake vilevile, isipokuwa ikishinda mutihani huu: tia alama kwenye sentimetri 10, ivute mpaka 15, iachilie. Ikirudi 10, chukua. Ikibaki 11, imekwisha kuchoka, usiitegemee.

Sehemu nyingine zote tuko nazo. Mwaka 1914 Mary Phelps Jacob wa Marekani alipewa hati ya kuvumbua sutyeni aliyoanza kuitengeneza na leso mbili na utepe. Nyuzi zile zinazovutika za leo zilivumbuliwa 1958, na Joseph Shivers wa kampuni DuPont. Maana yake wanawake walishikwa vizuri miaka zaidi ya 40 na vitambaa visivyovutika sana. Kikwembe cha pamba kinaweza. Na pamba yenyewe si mugeni hapa: Wabeleji waliilimisha kwa lazima tangu 1917, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Wazee wetu waliilima, ikaondoka, ikarudi ikiwa nguo ya kununua. Tuendelee.

Siri yote iko katika kujua kitambaa kinavutika upande gani. Kamata kikwembe, vuta kwa kufuata ukingo: hakiendi. Vuta kwa upana: kinaenda kidogo. Vuta kwa mushazari, toka pembe mpaka pembe: kinaenda sana. Kile kipande kidogo cha katikati, kinachounga vikombe viwili, kikate kwa kufuata ukingo, tena mara mbili, maana hakitakiwi kuvutika hata kidogo. Nusu ya chini ya kikombe vilevile. Mabawa ya mugongoni, hapo chukua triko ya pamba, na upande wake unaovutika zaidi uzunguke mwili. Ukigeuza, mukanda utalegea kabla ya mwezi kwisha.

Kwa plani ya kikombe, chukua sutyeni nzee iliyokukaa vizuri, fumua upande mumoja tu. Wa pili uache, utakuonyesha namna ya kuunga. Chora kila kipande juu ya karatasi, ongeza sentimetri moja ya kushonea. Utaona nusu ya juu na nusu ya chini ziko na mipindo inayopingana. Ukiziunga, kitambaa kinajaa sawa kibuyu. Mupindo ndio unaotoa kina, na hapo njo unapanulia: milimetri 3 kwa kila nusu kwanza, kiisha jaribu. Shona kwanza na uzi wa mukono, vaa, jiangalie, inama, nyanyua mikono kama unatwanga. Kama kitambaa kinakunjamana, punguza. Kama ziwa linatoka juu, ongeza.

Mukanda wote, ukiwa haujavutwa, uwe pungufu ya kipimo chako kwa sentimetri 10. Kwa 76 ni 66, pamoja na agrafu. Kama sehemu ya mbele chini ya vikombe imechukua 34, zinabaki 32, basi kila bawa ni 16. Elastiki igawanye kwa alama nne, bawa pia, uunganishe alama kwa alama, juu bila hivyo utajikuta umevuta yote mwanzoni. Mashine zetu za mukono na za miguu zinashona mustari ulionyooka tu, na mustari huo unakatika siku ya kwanza ukipumua kwa nguvu. Kwa hiyo elastiki ninaishona kwa mukono, mushono wa misalaba, ule unaofanana na mifupa ya samaki. Unavutika pamoja na elastiki. Ni kazi ya mangaribi mbili, sitasema uongo.

Mama anayenyonyesha asiunge nusu ya juu moja kwa moja na kamba: aweke agrafu pale zinapokutana, afungue kwa mukono mumoja.

Slipi ni rahisi. Triko ile ile nyuma na ubavuni, kikwembe kile kile mbele, halafu kile kipande cha katikati ya miguu kiwe pamba tupu, mara mbili. Nilon hapo hapana, inafunga joto na maji. Vipande vinavyobaki kwa kikwembe cha harusi vinatosha ansambo nzima, na bibi harusi anavaa ndani rangi ile ile ya nje bila kuongeza franga.

Neno la kufua. Elastiki ya mpira inaharibika na mafuta, na sisi tunajipaka mawese. Ikiwa umejipaka, ngoja ngozi inywe kabla ya kuvaa, na fua kila siku kwa maji baridi na sabuni. Wengi wetu tunaficha sutyeni nyuma ya mulango ikauke gizani, juu ya haya. Inabaki na unyevu, inaota ukungu. Itundike inje, halafu tandaza kikwembe chepesi juu yake: upepo unapita, jua kali haliguse elastiki, na jirani haone kitu. Fero ya makala ipite kwenye vikombe tu, kwa upande wa ndani.